Mahindi Niliyoyafunga Ijumaa Jioni

Kama unasoma haya kwa sababu macho yako yamegeuka manjano na hujui kwa nini, nenda hospitali kwanza. Maandishi haya yatakungoja. Mimi nilichelewa kwenda, na nilipofika nilimdanganya daktari. Ugonjwa wenyewe umepoa. Ninakula, ninatembea hadi sokoni na kurudi, na suruali zangu za zamani zinanitosha tena. Aibu ndiyo bado haijapoa, kwa hiyo nikirudia jambo mara mbili nivumilie.

Kwetu ni karibu na Oyugis. Baba alifariki nikiwa mdogo, dada yangu Akoth ameolewa Migori, kwa hiyo nyumbani tuko wawili tu, mimi na Mama. Sijaoa. Ninalala kwenye simba, kile kibanda ambacho kijana wa Kijaluo hujenga karibu na lango la boma la wazazi wake. Baada ya kidato cha nne pesa za chuo hazikupatikana, nikajifundisha mambo kwa simu: kufunga taa za sola, kufuga kuku, kuhifadhi nafaka. Mimi ni mtu wa kunyoosha vitu. Sufuria ikikaa kombo juu ya nyingine, siwezi kula mpaka niinyooshe. Nilimkataza Mama kuchota unga kwa kikombe kilicholowa, kwa sababu tone moja la maji linatosha kuharibu mkebe mzima. Hilo nilikuwa sahihi, na bado ni sahihi. Lakini nilikuwa nikimwambia kwa sauti ya mwalimu anayemsomea mtoto makosa yake, na yeye alikuwa akikausha kikombe kwa leso yake.

Mwaka ule tulivuna Agosti na mvua haikutaka kuondoka. Asubuhi jua linawaka, tunatandaza mahindi kwenye turubai. Mchana wingu linapanda kutoka upande wa ziwa, tunakimbia kuyakusanya. Yalikauka kwa kuiba iba. Nilikuwa nimenunua mifuko ile ya plastiki isiyopitisha hewa, ambayo ukiifunga vizuri wadudu hufia ndani bila dawa. Nilikuwa nimeshawaambia majirani wote kuihusu.

Sisi ni watu wa Sabato. Ijumaa jua likizama, kazi imekwisha mpaka Jumamosi jioni. Ijumaa hiyo alasiri nilitaka kila punje iwe ndani ya mfuko kabla ya jua kuzama. Nilifanya jaribio nililojifunza: unatia mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa ya kioo, unatikisa, unaiacha itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji. Chumvi ilishika.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Imesemaje?"

"Chupa ndiyo ilikuwa na unyevu," nikasema.

Akachukua punje moja akaiuma. Ilikubali jino polepole, haikulia. "Hii bado, Ochieng'. Tuyatandaze ndani ya nyumba, Jumapili tuyatoe tena."

"Yakikaa nje wadudu wataingia. Mama, hii mifuko si kama magunia ya zamani."

"Sawa," akasema. "Wewe ndiye unajua."

Nilifunga mifuko minne jua likiwa limeshika miti. Niliipanga kwenye simba yangu juu ya mbao, mbali na ukuta kama inavyotakiwa, shingo zote zikiwa na urefu mmoja. Jumamosi kanisani niliketi nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Sikuwa nimefikiri kwamba mfuko usioingiza hewa hautoi maji pia, na kwamba nilikuwa nimeyafungia mahindi ndani pamoja na ile mvua yote.

Nilifungua mfuko wa kwanza mvua za vuli zilipoanza. Harufu ilikuwa ya viatu vilivyosahaulika vikiwa vimelowa. Punje zilikuwa zimeshikana mabonge mabonge, na juu yake vumbi la kijani na kijivu ambalo lilipanda nilipolipulizia. Kwanza niliufunga tena mfuko ule, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani.

Nataka mnielewe nilivyofikiri, kwa sababu najua siko peke yangu. Kwetu muhogo humenywa, hurundikwa, hufunikwa majani ukaachwa uote ukungu. Ndiyo kazi yenyewe. Kisha mama anaukwangua ule ukungu kwa kisu, anauanika muhogo juani, anausaga pamoja na mtama, na ugali wake ni mtamu kuliko wa duka. Nimeula tangu sijaota meno yote. Nikajiambia ukungu ni ukungu. Kama wa muhogo unakwanguliwa, wa mahindi utaoshwa. Siku Mama alipokwenda soko, nilitikisa mahindi ya mfuko ule kwenye chekecheke, nikayaosha mara mbili, nikayaanika kwenye bati, nikawatupia kuku makapi. Yakawa meupe. Yalionekana masafi kuliko ya mtu yeyote.

Msagaji aliingiza mkono kwenye debe akanusa. "Haya yalilala wapi?"

"Yalinyeshewa kidogo."

"Mimi nasaga tu," akasema, akawasha mashine.

Nilichanganya mtama mwingi ili rangi na ladha vijifiche, ukawa unga wa uji. Mimi ni mtu wa uji, asubuhi kikombe kikubwa na jioni kingine. Mama ni mtu wa chai, uji huonja tu. Alisema una uchungu kidogo. Nikamwambia ni mtama wa mwaka huu.

Ugonjwa ulianza kama uvivu. Ngazi ya kupanda kufunga sola ikawa ndefu. Kisha chakula kikaanza kuninukia, nikawa natapika nyuma ya simba na kufukia kwa jembe. Mkojo ukawa rangi ya chai ya strungi, ile isiyo na maziwa. Chini ya mbavu upande wa kulia kulikuwa na uzito, kama nimebeba jiwe mfukoni, ila mfuko uko ndani. Kuku wangu wakaanza kufa mmoja mmoja, nikasema ni kideri. Nilimpigia Akoth kwa video, akanikatiza katikati ya salamu: "Hebu sogea kwenye mwanga. Macho yako yana nini?"

"Ni simu yako."

"Simu yangu inamwonyesha Mama vizuri tu."

Jumamosi iliyofuata kanisani, jirani yetu Mama Achieng' alinishika kidevu kama mtoto mbele ya watu, akanigeuza uso. "Hata wewe, Ochieng'? Nilidhani sisi watu wa Sabato hatuigusi chang'aa."

Wanawake wakacheka. Mimi pia nilicheka. Ningeweza kukataa. Lakini mlevi huulizwa anakunywa wapi. Asiyekunywa huulizwa anakula nini, na swali hilo nilikuwa nimeanza kuliogopa. Bado nilikuwa najiambia ni malaria.

Kisha miguu ikavimba. Ukibonyeza kidole kwenye muundi wa mguu, shimo linabaki pale kama kwenye udongo wa kufinyangia. Tumbo likafuata. Nilifungua kifungo cha suruali, kisha zipu, kisha nikahamia suruali za marehemu baba. Nyakati za kuoga nilijifunika kwa kitambaa mwenyewe, peke yangu bafuni, nisijione.

Mama ndiye aliyenipeleka hospitali Homa Bay. Kuhusu foleni ya wagonjwa wa nje nitasema hivi: chukua maji, chukua kitu cha kukalia, na usimtazame sana mtu aliye manjano kuliko wewe. Benchi lilikuwa refu na sote tulisogea juu yake makalio kwa makalio kadiri majina yalivyoitwa. Walinitoa damu, tukangoja. Wakanitoa nyingine, tukangoja. Majibu ya virusi vya ini yalikuja safi. Mama alishukuru kwa sauti. Mimi sikushukuru, kwa sababu sasa ilibaki sababu nyingine.

Daktari alikuwa msichana wa rika langu. Aliuliza bila kuinua macho kwenye maandishi yake. "Unakunywa pombe?"

"Hapana."

"Dawa za kienyeji?"

"Hapana."

"Mahindi mnayokula mnanunua au mnalima?"

"Tunalima."

Hapo akainua macho. "Yana ukungu? Yamebadilika rangi?"

Mama alikuwa ameketi pembeni yangu, mkoba mapajani, akinitazama kwa fahari kidogo, kwa sababu lilikuwa swali ambalo mwanawe anajua jibu lake.

"Hapana," nikasema. "Mimi ndiye ninayeyahifadhi."

Nilisema hivyo kana kwamba ni ushahidi. Daktari akaandika. Nikalazwa.

Wodini kitanda cha jirani kilikuwa cha Mzee Odero kutoka Karungu, ambaye ini lake lilikuwa limechoka kwa pombe na hakulificha. Aliniangalia macho, akaniangalia tumbo, akajisogeza ukingoni mwa kitanda tuongee.

"Ulikuwa unapata ya wapi?"

Nikavuta shuka hadi kifuani.

"Usione haya. Ya kwetu Karungu inachoma tu. Hiyo yenu ya Oyugis ndiyo inaua. Wanatia vitu."

"Ni kweli, mzee," nikasema. Nikakubali. Kila asubuhi tulikuwa tunaongea kama walevi wawili waliostaafu, mimi ambaye sijawahi kuionja. Aliniambia niombe Mungu aniondolee kiu. Niliona ni afadhali hivyo. Mlevi ni mtu wa kawaida. Mtu anayemsahihisha mama yake kila siku kisha anakula ukungu kwa mkono wake mwenyewe, huyo sikujua ana jina gani.

Na sasa sehemu ambayo nimeifuta na kuiandika upya mara nyingi.

Mama alikuwa akija na chupa ya uji. Alikuwa amefikia kwa binamu yake mjini na amekuja na unga kutoka nyumbani, kwa sababu chakula cha wodi, alisema, hakina mkono wa mtu. Tangu daktari aulize swali lile nilijua. Siku ya kwanza nilimwambia sina hamu. Ilikuwa kweli nusu. Mama alikaa kidogo, akaangalia chupa, akamimina kwenye kifuniko. "Siwezi kukimwaga chakula," akasema, akanywa mwenyewe. Chote.

Nilimtazama akinywa. Nilikuwa na dripu mkononi na mdomo mzima, na mdomo haukufunguka. Nilijiambia kesho nitamwambia. Kesho yake alikuja na mwingine, nikakataa, akanywa. Hivyo hivyo mpaka waliponiondoa dripu, wakanichoma sindano za kuzuia damu isivujevuje, wakanitoboa tumbo maji yakatoka kwenye mpira hadi ndoo ikajaa nikaona aibu ya ndoo. Mama alikuwa pale akishika mguu wangu. Baada ya hapo alimimina uji wake akasita, akaweka kifuniko chini, akajisugua tumbo.

"Siku hizi hata mimi chakula kinanikataa," akasema. "Labda ni huruma ya kukuona." Akanyanyua kifuniko.

"Mama, usinywe."

"Kwa nini? Nimeweka ndimu."

"Huo unga una ukungu. Mahindi yaliharibika mfukoni. Niliyaosha nikasaga ulipokwenda soko."

Aliweka kifuniko chini tena, polepole, asimwage. "Daktari alikuuliza."

"Ndio."

"Mbele yangu."

"Ndio, Mama."

"Na wale waliosema kanisani unakunywa, ukacheka nao."

"Ndio."

Akatazama dirisha. "Afadhali mlevi," akasema, na sikujua kama ananihukumu au ananielewa.

Kutoka kitanda cha jirani Mzee Odero akajiinua kwa kiwiko. "Kumbe wakati huu wote nimekuwa nikimwombea mtu wa uji?"

Hakuna aliyecheka wakati huo. Baadaye Mama alicheka, miezi baadaye, akiosha vyombo, ghafla, mpaka akaketi.

Nilimwambia daktari mwenyewe. Hakunigombeza. Alifunga kalamu akasema ukungu ule huacha sumu ndani ya punje, dawa ya kuifuta haipo, kuna kuacha kuila, kusaidia mwili na kungoja, na kwamba kuosha hakuitoi, wala kupika, wala kuchanganya na mtama. Kisha akamgeukia Mama na kuagiza damu yake itolewe.

Tulirudi kwenye lile benchi, safari hii mimi nikiwa na nguo za wodi nikimsindikiza. Sijawahi kungoja vile. Nilisoma bango la kunawa mikono mpaka nikaligundua kosa la herufi, na kwa mara ya kwanza maishani sikumwambia mtu. Majibu yalipotoka, ini la Mama lilikuwa limeguswa kidogo. Aache unga ule, arudi kupimwa. Aliyapokea kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa. Mimi niliomba ruhusa nikaenda chooni nikalia nikiwa nimeshika bomba la maji.

Kulikuwa na huruma ndogondogo pia, nisiwe mchoyo nazo. Mwanamke wa usafi alikuwa akiniletea beseni kabla sijaliomba, alijua kwa kuniangalia tu mabega. Mzee Odero aliendelea kuniombea, ingawa alisema hajui aombe nini hasa.

Niliporuhusiwa nilikwenda Migori kwa Akoth, ili Mama apumzike na kazi ya kuniuguza na ili nipimwe karibu. Kila baada ya wiki chache damu, kila damu namba zinashuka kidogo. Rangi ilitoka machoni mwisho kabisa, baada ya ngozi. Akoth alinilisha mayai, dengu na viazi, na hakuongea nami zaidi ya chakula. Siku moja akiwa anachambua maharagwe akasema bila kunitazama, "Ulimwangalia akinywa."

Nilivuta sehemu ya maharagwe upande wangu nikachambua.

Nami sikuwa mgeni rahisi. Nilinusa unga wake kila mara kabla ya kupika. Nilitoa karanga zote kabatini nikazitandaza kuchagua zilizokunjamana na zilizobadilika rangi. Mkate ulipoota doa la kijani kwenye kona, shemeji yangu akataka kukata kona ile, nikaupokonya mkate wote nikautupa, kwa sababu doa linaloonekana ni sehemu tu, mizizi imeshaingia ndani. Akoth akasema, "Ukinusa sufuria yangu tena nitakumwagia." Lakini nilimwona baadaye akiinua mkebe wa unga kutoka sakafuni na kuuweka juu ya kibao, mbali na ukuta, akaukaza mfuniko.

Nilirudi nyumbani Februari, kiangazi. Mifuko mitatu ilikuwa bado kwenye simba, imefungwa. Mama alikuwa ameweka kufuli na kulala na ufunguo, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuja watu kuitaka: mmoja kwa kuku, mwingine kwa kupika pombe. Mahindi mabaya kwetu hayatupwi, huuzwa. Daktari alikuwa amesema mnyama asile, na sumu huweza kufika hadi kwenye yai na maziwa. Hakukuwa na njia ila kuyazika.

Nilitaka yazikwe kwenye kona ya shamba, nyuma ya ua, bila watu. Mama akakataa. "Hapa," akasema, akionyesha uwanja ulio wazi kando ya nyumba, mbali na kisima. "Na mchana."

Akawaita wachimbaji wawili. Mimi sikuwa na nguvu za jembe, nikawekewa kiti cha plastiki kando. Mtu wa kwetu akiona udongo mwekundu unarundikwa ndani ya boma ambamo mwana alikuwa mgonjwa, haulizi, maana kwetu wafu huzikwa nyumbani. Shimo lilipofika kiunoni tulisikia nduru kutoka njiani. Mama Achieng' aliingia langoni mikono kichwani, leso imeanguka, akilia jina langu na jina la baba yangu, na nyuma yake watu sita au saba, mmoja na jembe lake la kusaidia.

Aliniona kwenye kiti. Kilio kikakatika.

"Ochieng'?"

"Ni mimi, mama."

Akageuka kwa Mama yangu, na uso wake ukawa mbaya zaidi. "Basi ni nani?"

"Mwulize yeye," Mama akasema.

Nilisimama. Nikawaambia tunazika mahindi. Nikawaambia yote: chumvi iliyoshika chupa, punje ambayo haikulia, Ijumaa, kuosha, muhogo, uji. Nikawaambia sijawahi kunywa chang'aa na kwamba Mama alikunywa uji ule nikimtazama. Mtu mmoja alicheka, kisha akaacha. Mwenye jembe akasema, "Watu wana njaa na ninyi mnafukia gunia tatu." Nikamwambia aniangalie mikono ilivyobaki mifupa. Akaniangalia. Akashuka shimoni akaendelea kuchimba.

Kuhusu muhogo niliulizwa sana, na nilijibu kwa kweli kwamba sijui kwa nini huu na si ule. Ninachojua ni kwamba sitawahi tena kulikisia jambo la chakula kwa kulifananisha na lingine, bila kuuliza.

Tulikata mifuko, tukamwaga. Vumbi likapanda, nikawaambia wafunike pua. Majirani wakaondoka wakiongea chini chini, na nilijua litafika sokoni kabla yao. Nilikuwa bado kwenye kiti Mama Achieng' aliporudi, peke yake, akipitia nyuma ya nyumba, na beseni kichwani limefunikwa kwa leso. Alilitua kando ya shimo akafunua. Mahindi yalikuwa bado yana maji, yameoshwa vizuri sana, meupe, na kwenye vitovu vya punje rangi ya kijani ilikuwa imebaki.

"Yalikuwa ya uji wa wajukuu," akasema. "Nilikuwa niyaanike leo."

Hakuningoja niseme kitu. Aliinamisha beseni, yakaanguka juu ya yangu, akalipiga kitako mara mbili punje za mwisho zitoke. Kisha akaangalia njia.

"Waambie wafukie haraka," akasema. "Mzee wangu akirudi asiyaone."